Ninavyokadiria bei ya kuuzia Datsun 240Z ya zamani

Gari likiletwa linang'aa, siangalii rangi. Nafungua boneti nitafute namba. Kwenye 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, thamani iko kwenye namba na kwenye bati, na mara nyingi rangi mpya imepakwa kuficha kasoro ya kimojawapo.

Namba ya gari imegongwa kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Zenye usukani wa kulia huanza na HS30, za usukani wa kushoto HLS30. Hizi za kulia ni chache zaidi duniani kwa sababu soko kubwa la gari hili lilikuwa Marekani, na ndizo zinazohusika na huku kwetu Kenya. Ukikuta S30 tupu, hiyo ni Fairlady Z, toleo la soko la Japani lenye injini ya lita 2, hata kama ubavuni imebandikwa nembo ya 240Z. Pitisha kidole juu ya tarakimu na pembeni yake. Bati lililosagwa au kuchomelewa huwa na mawimbi ambayo jicho halioni chini ya rangi ila kidole kinayasikia. Namba ikiwa na shaka, naishia hapo. Gari la namba ya shaka halina bei, lina kesi.

Kisha natafuta kibati kilichopigwa riveti humo humo ndani ya boneti. Kinataja namba ya gari, ujazo wa injini (sentimita za ujazo 2,393) na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Nailinganisha na namba iliyogongwa kwenye bloku, upande wa kulia kuelekea nyuma, chini kidogo ya hedi. Inatakiwa ianze na L24. Ikianza na L28, injini imetoka kwenye 280Z au, kwa huku kwetu, kwenye Nissan Patrol ya miaka ya 80. Mtego uko kwenye L24 yenyewe, maana Datsun 240K nayo ilikuwa na injini hiyo hiyo. Kwa hiyo kusoma "L24" hakutoshi; tarakimu zinazofuata ndizo zithibitishe. Injini isiyo yake, hata ikivuta vizuri kuliko ya kwanza, mimi huipunguzia gari asilimia 10 hadi 15. Kama injini ya asili ipo stoo, hata ikiwa imekufa, narudisha zaidi ya nusu ya punguzo hilo.

Sasa kutu, na hapa ndipo muda wangu mwingi unakwenda.

240Z haina chesi ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chini ya sakafu kuna reli mbili za bati lililokunjwa. Fundi akiweka jeki hapo, zinabonyea na kufunguka kwenye maungio, maji na tope vinaingia, na kutu inaanza kula kutokea ndani. Nje utaona rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu, nzuri tu. Nachukua bisibisi, nagonga kwa mpini wake kila nusu futi. Bati zima linalia kama sufuria. Lililooza linatoa mlio wa boksi. Palipolia vibaya nakandamiza kwa ncha. Mwenye gari akikataa ncha isiguse, jibu nimeshapata.

Toka hapo naenda chini ya betri, maana asidi humwagika na kula bati miaka mingi bila mtu kujua. Nainua kapeti za miguuni. Naangalia vizingiti vya milango, kona ya chini iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, shimo la spea, na bati la nyuma chini ya mlango wa mizigo. Sehemu moja wengi hawaikumbuki: mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Majani yakiziba matundu yake, mvua inashukia ndani, na sakafu inaoza kutokea juu huku chini ikiwa imepakwa vizuri.

Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inatosha kugundua pati nene, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi. Kipima unene wa rangi ni bora zaidi. Rangi ya kiwandani ya magari ya miaka hiyo husoma kati ya maikroni 80 na 150. Iliyorudiwa mara moja hufika 200 hadi 350. Ikipita 800, unapima pati. Sijali sana gari kurudiwa rangi, kwani la miaka 50 lililobaki na rangi yake ni nadra. Ninachojali ni mruko: mlango wa kushoto unasoma 220, kizingiti chini yake 1,400.

Kipimo cha mwisho cha bodi hakina gharama. Angalia mwanya kati ya mlango na mwili wa gari, kisha inua kona ya mbele kwa jeki mpaka gurudumu liachie ardhi, halafu fungua na ufunge mlango. Mwanya ukibadilika waziwazi au mlango ukagoma kufunga, vizingiti na reli havibebi tena. Hiyo si kazi ya kupaka rangi, ni ya kukata na kuchomelea upya. Gari lililoishi Mombasa naliweka kwenye kundi hili mpaka lithibitishe vinginevyo. La Nanyuki au Nakuru, mbali na bahari, ninalipatia nafasi.

Gharama ya bati siikadirii kwa macho. Naomba nukuu mbili za maandishi kutoka gereji zinazochomelea kweli, nachukua iliyo juu, naongeza asilimia 30. Ukikata sakafu, lazima ukute kingine kimeoza nyuma yake.

Injini nitaipitia haraka, isipokuwa jambo moja linalowaponza wauzaji wa Nairobi. Kitabu cha L24 kinataka mgandamizo wa takriban psi 171 hadi 185 kwa kila silinda. Mnunuzi anakuja na fundi, geji inasoma 143, wanasema injini imechoka, bei inaporomoka. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina kama asilimia 82 ya mkandamizo wa pwani. Zidisha 175 kwa 0.82, unapata 143 na kitu. Injini hiyo ni nzima kabisa. Pima ikiwa moto, plagi zote sita zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, betri ina nguvu. Usipokanyaga, hewa haiingii vya kutosha na geji itakudanganya tena. Kinachotafutwa ni ulinganifu: silinda yenye kipimo cha chini isipungukiwe na ile ya juu kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Moja ikiwa chini, weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime upya. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Giaboksi ya kubadilisha kwa mkono ya gia tano inapendwa kuliko ya gia nne. Ya otomatiki inashusha bei, na sijaona njia ya kulitetea hilo.

Vifaa vya asili vina hesabu ya ajabu. Kabureta mbili za mtindo wa SU zilizotoka nazo zinaongeza bei. Kabureta tatu za Weber zilizogharimu mara kadhaa zaidi huenda zisiongeze chochote, kwa sababu mkusanyaji anahesabu gharama ya kuzitoa. Rimu za chuma za inchi 14 na wilikapu zake, usukani wa asili, dashibodi isiyopasuka (karibu zote zimepasuka juu kwa jua), vifaa vilivyo kwenye visanduku nyuma ya viti: hivi vyote nauliza kama vipo kwenye boksi popote nyumbani. Magari ya mwanzoni yana matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma, na wanaojua huyalipia zaidi. Basi usikubali mtu auziwe mlango huo kando.

Karatasi. Logibuku yenye jina la marehemu ni tatizo la kila wiki. Bila hati ya usimamizi wa mirathi hakuna anayeweza kuhamisha umiliki, na mnunuzi makini ataondoka au atakata bei kwa mwaka mzima wa kusubiri mahakama. Shughulikieni hilo kabla ya kuita mtu aje kuona gari.

Halafu kuna hadithi ya Safari Rally, mbio za magari za huku kwetu. Ni kweli 240Z ilishinda Safari Rally ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ya 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Kwa sababu hiyo kila 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, kama zile za mashindano, "ilikimbia Safari." Bila picha ya wakati huo inayoonyesha namba ya usajili, au karatasi za mashindano zinazotaja gari lenyewe, naiandikia hadithi hiyo shilingi sifuri. Ikithibitishwa, natupa hesabu yote ninayoieleza hapa na kushauri mnada wa nje.

Bei ya kulinganishia haitoki kwenye matangazo. Tangazo ni ndoto ya muuzaji. Natafuta mauzo yaliyokamilika ya miezi 18 iliyopita, ya usukani wa kulia, yenye hali inayofanana, naondoa ada ya mnunuzi kama imejumuishwa, nachukua bei ya katikati. Rekodi siigusi. Januari 2020 240Z moja iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, na tangu hapo nimeshatajiwa bei hiyo kwa magari yasiyo na sakafu.

Mfano wa hesabu, kwa namba za kubuni. Tuseme mauzo matatu Uingereza, ambako nako usukani ni wa kulia, yalikuwa pauni 30,000, 34,000 na 41,000. Katikati ni 34,000. Gari letu lina L28, natoa asilimia 10: 30,600. Bati, pamoja na ile asilimia 30 ya nyongeza, 5,500: inabaki 25,100. Hicho ndicho kiwango cha gari likiwa limefika Uingereza na kulipiwa kila kitu. Gari la miaka 30 au zaidi, ambalo halijabadilishwa sana na modeli yake haitengenezwi tena, linaweza kuingia kule bila ushuru wa forodha, kwa VAT ya asilimia 5. Meli na uondoshaji tuseme 2,500. Gawa 25,100 kwa 1.05, toa 2,500: pauni 21,400. Hapo ndipo mnunuzi wa Uingereza anapoishia.

Forodha wakiona limebadilishwa mno, linalipa ushuru wa asilimia 10 na VAT ya 20 juu yake. Gawa 25,100 kwa 1.32 (yaani 1.10 mara 1.20), toa 2,500, unabaki na 16,500. Mabadiliko kama bodi iliyopanuliwa na injini ya kigeni yamekula karibu pauni 5,000, mbali na gharama ya kutu.

Mnunuzi wa ndani nampa hesabu yake mwenyewe, sichanganyi. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 240Z zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Kuna siku mtu wa Karen, mtaa wa matajiri wa Nairobi, atalipa kuliko Mwingereza, na kuna miezi sita hakuna anayepiga simu. Naandika bei mbili, ya haraka ya ndani na ya nje ya kusubiri, naweka tarehe, na nasema makadirio yanakufa baada ya miezi sita. Ya bima naandika karatasi tofauti, nayo huwa juu, kwa sababu bima inalipia gharama ya kupata gari jingine kama hili, na mwenye gari anayetaka kuuza hapaswi kuishika karatasi hiyo mkononi wakati wa mazungumzo.