Mifuko mitano na chenji

Leo mgongo umenigomea. Tangu alfajiri tunapakia saruji kwenye boti hapa Kibirizi, mfuko kilo 50, begani, unapita kwenye ubao unaonesanesa huku Ziwa Tanganyika likikusubiri chini. Mchana tukajibanza kivulini, dogo mmoja akatutolea simu tumwone Lasha Talakhadze, lile jitu la kunyanyua vyuma kutoka Georgia (nchi, siyo lile jimbo la Marekani).

Jamani! Tashkent, Desemba 2021, alinyanyua kilo 225 kwa mkupuo mmoja, kutoka chini mpaka juu ya kichwa. Halafu kwa ile staili ya kutua kwanza mabegani, 267. Jumla 492, rekodi ya dunia. Nikapiga hesabu zetu za kikuli: 267 ni mifuko mitano ya saruji na chenji ya kilo 17. Juu ya kichwa, mikono imenyooka!

Dhahabu za Olimpiki anazo tatu: Rio, Tokyo, Paris. Aliwahi pia kufungiwa miaka miwili kwa dawa za kuongeza nguvu, 2013, na hilo nalo lisemwe.

Mimi kilichonishika ni miguu yake. Chuma kikishakaa mabegani hana haraka. Anakunja magoti kidogo tu, kisha chuma kinaruka chenyewe.

Mzee wetu wa zamu akacheka: "Mwambieni aje avuke huu ubao na lumbesa."

Tukacheka wote. Ila jioni nimemwona mzee yuleyule, kabla ya kujitwisha, anasimama, anavuta pumzi, anakunja magoti kidogo. Nimejifanya sijaona.