Walawi 19 chini ya mikarafuu

Kwa asiyekaa Pemba: mpeta ni karafuu zinazodondoka chini wakati wa kuchuma, na watu wasio na mikarafuu yao, hasa wanawake na watoto, huingia mashambani kuziokota. Kila msimu mpeta huzua maneno. Mwenye shamba husema anaibiwa, muokotaji husema anabaniwa riziki, walimu hulalamikia madarasa matupu, na sheha, kiongozi wa serikali wa kijiji, huamshwa usiku kwenda kusuluhisha. Nilipostaafu ualimu nikakodi shamba la mikarafuu upande wa Mtambile, jambo hili ndilo nililoonywa kuliko yote. "Mwalimu, weka mlinzi mkali," aliniambia jirani yangu, mkulima wa siku nyingi. "Ukiwaonea haya hao, utavuna majani."

Mlinzi nilimweka. Ila kabla ya hapo nilikuwa nimeshakaa na sura ya 19 ya kitabu cha Walawi katika Biblia, na sura ile haikuniruhusu kumpa mlinzi maagizo ya kawaida.

Wengi wetu tunaijua sura hiyo kwa mstari wa 18 tu, "umpende jirani yako kama nafsi yako", ule ambao Bwana Yesu aliuweka sambamba na amri iliyo kuu. Lakini ukianzia juu utakuta kwamba kabla Mungu hajataja kupenda ametaja shamba: usivune mpaka pembeni, usirudi kuokota yaliyoanguka, waachie maskini na mgeni. Mistari michache mbele: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Na mwishoni mwa sura: mizani ya haki, vipimo vya haki. Mimi ninayeishi kwenye kisiwa cha pishi, vibarua na mpeta, sikuhitaji wa kunifafanulia.

Ndugu mmoja kanisani alinikatiza nilipomsimulia. Alisema hayo ni torati ya Israeli na sisi tuko chini ya neema. Nilimwuliza basi kwa nini Paulo, anapowaandikia Wakorintho habari za haki ya mtenda kazi, anachukua neno la Kumbukumbu la Torati, "Usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka", na kulitumia kwa watu waliokwisha kuamini. Akasema atakwenda kulitazama. Mpaka leo hajaniletea jibu.

Pia nina sababu ya nyumbani. Wazee wangu walikulia Banani, shamba la Marafiki, wale wanaojulikana pia kama Quaker, waliofika Pemba mwaka 1897. Ni mwaka uleule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa mbele ya sheria. Wamishionari wale waliendesha shamba la mikarafuu kwa kazi ya kulipwa, na waliofanya kazi hiyo ni watu waliokuwa jana tu watumwa kwenye mashamba hayohayo. Mikarafuu ya visiwa hivi ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha ya Unguja, mzigo mkubwa wa zao hili ukahamia kwetu, na utumwa ukaongezeka nao. Kwa hiyo nikisoma habari za ujira wa kibarua sisomi mambo ya Kanaani tu.

Nilianza na fedha. Karafuu haikupi pesa siku unapoichuma. Inachumwa, inachambuliwa makonyo, yaani vikonyo vyake, usiku, inaanikwa juani kwa siku kadhaa, na mvua ikikuotea unakuwa mtu wa kuingiza na kutoa majamvi tu. Ikikauka ndipo unaipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali ambalo peke yake ndilo lenye ruhusa ya kununua. (Wa magendo wapo, na wanakuja na pesa mkononi, lakini huko sikutaka kwenda. Warumi 13, inayoagiza kutii mamlaka, haina kifungu kinachowaondoa wakulima wa karafuu.) Mchumaji hana habari na majamvi yako. Amepanda mkarafuu tangu asubuhi, jioni anataka chake, maana nyumbani kuna sufuria inamngoja. Wakodi mashamba wengi hapa ndipo wanapokwama, wanaanza "subirini tuuze", na mchumaji anangoja mpaka anakopa kwa bei mbaya dukani.

Nilikaa na kalamu kabla sijatoa hata shilingi ya kodi, kama yule mtu wa Luka 14 anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kiinua mgongo kilichobaki kingetosha kukodi shamba kubwa nililokuwa nalitamani, au kukodi dogo na kuwa na ujira wa wachumaji wote mkononi mpaka mauzo ya kwanza. Si vyote viwili. Nikachukua dogo. Fedha za ujira niliziweka mbali na za nyumbani, mke wangu akawa ndiye mtunzaji, kwa sababu ananijua. Amri ya kutolaza ujira wa mtu ni nyepesi kuitii jioni kama ulishaitii miezi kabla, wakati wa kuchagua shamba. Ukishakodi zaidi ya uwezo wako, huna tena cha kutii nacho.

Halafu ikaja pishi. Mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Pishi ni kipimo cha ujazo, na ujazo una ujanja wake: ukiifuta kwa mkono juu ya mdomo ni kiasi kimoja, ukiilundika mpaka ikafanya kilima ni kiasi kingine kabisa. Nimeona mashamba ambako pishi inalundikwa, inatikiswa ishuke, inalundikwa tena, na mchumaji analipwa pishi moja. Hakuna aliyemwibia waziwazi, na bado amekwenda nyumbani pungufu. Nilitafuta kopo gumu lisilobonyea, nikalipima mbele ya wachumaji wote, vibaba vinne, nikasema: pishi yetu ni ya mfuto, haitikiswi, na anayefuta ni mchumaji mwenyewe.

Msimamizi wa wachumaji alikuwa mzee wa Micheweni, aliyekuja na watu wake kupiga dago, yaani kuhamia na kukaa karibu na shamba, kwa msimu mzima. Alinitazama, akatazama kopo.

"Hii umeitoa wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia iko kwenye kitabu cha Walawi.

"Sisi tuna sura nzima," akasema. "Ole wao wapunjao."

Na alipoona ujira unatoka kila jioni kabla ya Magharibi, akanitolea na maneno ya Mtume wao, kwamba mtu wa kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Sikumhubiria, wala yeye hakunihubiria. Wapo Wakristo wenzangu watakaosema nilipoteza nafasi nzuri. Mimi nadhani mtu aliyekuwa akitazama pishi ikifutwa kila jioni alikuwa anasikiliza vya kutosha. Faida moja sikuitarajia: wachumaji waliacha kujazia majani na vijiti. Pishi ya kulundikwa humfundisha mtu kujilipizia.

Sasa mpeta, ambayo ndiyo iliyonisumbua.

Ukisoma Walawi haraka utaona jambo ni jepesi, fungua shamba watu waokote. Lakini Pemba wanunuzi wa mpeta hukaa njiani na mifuko yao, wananunua mbichi kwa bei ya kutupa, na mtoto akishajua kwamba kila kikombe kina pesa, hatangoja karafuu idondoke. Atatikisa tawi, atavuta kwa ngowe, ule mti wenye ncha iliyopinda, atapanda. Ndiyo maana kila msimu husikika makatazo, na siwalaumu wanaokataza. Kufungua shamba bila mpango kungekuwa ni kuwafundisha wizi watoto wa watu na kuwatoa skuli, huku nikijiita mtiifu.

Nilirudi kwenye Ruthu sura ya 2, kwa sababu pale sheria ya masazo inaonekana ikifanya kazi kwenye shamba la mtu. Niliona mambo ambayo sikuwa nimeyatilia maanani. Ruthu anaokota nyuma ya wavunaji, si mbele yao wala katikati yao. Boazi, mwenye shamba, ana msimamizi anayejua nani yuko shambani na ametoka wapi. Amewaamuru vijana wake wasimguse yule mwanamke. Tena anawaambia wachomoe baadhi ya masuke kwenye miganda na kuyaacha kusudi, wala wasimkemee. Hapo kuna utaratibu wa watu halisi, na unaanzia kwa mwenye shamba, hauanzii kwa muokotaji.

Basi tukafanya hivi. Shamba tuliligawa kwa mistari ya mikarafuu. Mstari ukimalizwa na wachumaji wakahamia mwingine, ule wa nyuma unafunguliwa, na hakuna kurudi kuuchuma tena hata ukiona tawi lina vichwa viwili vitatu vimesahauliwa. Kumbukumbu la Torati 24 inasema vivyo hivyo juu ya mzeituni, ukishautikisa usiyarudie matawi. Chini hatukufagia. Kwa kawaida mwenye shamba hutandika majamvi chini ya mti na kukusanya mpaka kilichojificha kwenye majani makavu. Sisi majamvi tulitandika chini ya shina tu, pembeni tukaacha. Kuokota ni kuanzia saa nane mchana. Mtoto yeyote aje baada ya skuli, na asubuhi hata akija na bibi yake anarudishwa. Ngowe haziingii.

Mlinzi ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa amezoea kufukuza, na nilisikia kutoka kwa wanawake kwamba katika mashamba mengine walinzi huwatolea maneno machafu, au humruhusu mtu kuokota kwa masharti nisiyoweza kuyaandika hapa. Nilimwambia wazi, mbele ya mzee wa Micheweni ili awe shahidi: kazi yako ni kulinda mikarafuu, na pia kuwalinda hawa. Akiguswa mmoja wao, unaondoka siku hiyohiyo, na ujira wako utaupata wote. Hakupendezwa. Lakini alikaa, na baadaye ndiye aliyekuwa akiwaambia mstari upi umefunguliwa.

Kuhusu wanunuzi wa njiani nilikwenda kwa sheha. Nilimweleza kwamba nataka wanawake wanaookota kwangu wakaushe wenyewe, waunganishe mzigo wao na kuupeleka kituoni kihalali, wapate bei ya karafuu kavu badala ya ile ya kutupa. Sheha alikuna kidevu, akauliza karatasi itaandikwa kwa jina la nani. Wakamchagua mmoja wao, mjane anayeheshimiwa na anayejua kuhesabu. Si wote waliokubali. Wengine walitaka pesa yao jioni ileile, na mtu mwenye njaa huwezi kumwambia angoje jua, mimi niliyejisifu kwamba simlazi mchumaji bila ujira. Kwa hao sikuwa na la kusema. Waliokausha walipata zaidi, na wengine wakajiunga msimu ulipokuwa umefika katikati.

Mengine yalikuwa madogo. Ijumaa tulisimama kabla ya adhuhuri, Jumapili shamba lilifungwa, wachumaji wakapata siku ya kufua. Baada ya mvua hakuna kupanda mpaka magome yakauke, hata kama karafuu zinaanza kuchanua mtini na zinapoteza daraja. Hilo nililitoa kwenye Kumbukumbu la Torati 22, pale mtu anapoagizwa kujengea ukuta dari la nyumba yake ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Makonyo niliwaachia waliochambua, wakayauza wenyewe kwenda kiwanda cha Wawi.

Nilipata kiasi gani? Pungufu ya jirani yangu mwenye shamba la ukubwa uleule, na hilo silifichi, kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba ukitii utavuna zaidi ya wenzako. Walawi haisemi hivyo. Inasema tu, "mimi ndimi BWANA, Mungu wenu", na inaendelea na amri inayofuata. Lakini hasara haikuwa kubwa kama nilivyoonywa. Karafuu nilizouza zilikuwa safi, wizi wa mtini ulikuwa mdogo, nadhani kwa sababu macho yalikuwa mengi, na wachumaji wa Micheweni walikataa ofa ya shamba jingine katikati ya msimu, wakati ambapo wachumaji hugombaniwa.

Kuna jambo moja halijapata jawabu. Sheria yangu ya saa nane iliwasaidia watoto wa hapa kijijini, wenye skuli ya kwenda. Watoto wa dago haikuwagusa. Hao wamekuja na wazazi wao kutoka Micheweni, msimu mzima hawana darasa, na mchana walikuwa wakikaa kivulini kando ya shamba wakingoja saa ifike. Walawi 19 inamtaja mgeni mara mbili, pembeni mwa shamba na tena karibu na mwisho wa sura, kwa hiyo siwezi kusema haikuniambia. Nimekwenda kuonana na mwalimu mkuu wa skuli iliyo karibu, kijana niliyewahi kumfundisha, nikamwomba awapokee kwa muda wa msimu. Hakukataa. Anataka barua kutoka skuli wanazotoka, na orodha ya majina mapema, ili ajue madawati. Orodha anaiandaa mzee msimamizi. Barua nimeanza kuziandika mimi.