Dawa za buku zinatumaliza

Mlioondoka nchini enzi za klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, mtanielewa. Mwili uliwasha usiku kucha, lakini mama alisimama kando na kikombe cha maji mpaka kidonge cha mwisho kishuke. Nidhamu ile nilitegemea kuikuta. Nimerudi Tanga kutoka Uswidi. Joto nimeshalizoea upya, bodaboda napanda. Duka la dawa ndilo limenishinda.

Jioni moja nimesimama pale mtaani nasubiri panado, kaja mtoto wa kama miaka tisa na noti ya elfu moja. "Dada, mama kasema nipe zile za rangi mbili za buku." Dada kachukua mkasi, kakata karatasi ya vidonge vya antibayotiki, kavitia vinne kwenye bahasha ya kaki. Hakuuliza anaumwa nani. Juu ya bahasha hakuandika kitu. Mtoto huyo, mbio. Nyuma yake mzee mmoja kataka azuma ya mafua, kapewa. Azuma ni antibayotiki, inaua bakteria. Mafua ni virusi, haiwagusi!

Maduka haya tuliyaacha yakiitwa ya dawa baridi, zile zisizohitaji cheti. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003: muuzaji apewe mafunzo, auze antibayotiki chache tu, tena kwa cheti cha daktari. Mpango mzuri kabisa. Cheti ndicho sijakiona mkononi mwa mteja hata mmoja.

Nyumbani nako kila mtu ana "taifodi sugu" au UTI, ule ugonjwa wa njia ya mkojo. Shangazi kila akipimwa Widal anaambiwa taifodi ipo, wakati kipimo hicho kinatafuta kingamwili, nazo zinaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa wenyewe kuisha. Akameza sipro, antibayotiki nyingine, siku tatu, akajisikia nafuu, zilizobaki akamwekea binamu yangu. Dawa zikimezwa hivyo, nusunusu au bila sababu, vimelea huzizoea.

Huyo binamu ndiye aliyeniliza. Alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikagoma kupona. Walimbadilishia dawa wee, mwisho ndipo usaha ukaoteshwa maabara kujua dawa ipi inakiua kimelea. Karatasi ya majibu nimeishika mwenyewe. Amoksilini, R. Septrini, R. Sipro, R. Seftriaksoni, R. R maana yake kimelea hakisikii dawa hiyo. Iliyobaki ni meropenemu, ya kuchomwa kwenye mshipa mara tatu kwa siku, na ukoo mzima tukachangishana kama msibani. Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Mwaka 2019 vimelea sugu viliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27 duniani, na kiwango kikubwa zaidi cha vifo kilikuwa kwetu huku, Afrika kusini mwa Sahara.

Mama yule aliyemtuma mtoto simlaumu. Hospitali kuna foleni, kuna hela ya kumuona daktari, kuna hela ya vipimo. Duka liko mlangoni na linapokea buku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, naisubiri ifike mtaani kwetu. Nawalaumu wanaojua: muuzaji aliyesomeshwa, mkaguzi anayepita na kuondoka, na jirani yetu anayemimina antibayotiki kwenye maji ya kuku wasioumwa, asubuhi ileile mayai yako sokoni.

Na tulishaonywa. Tanzania Bara tuliacha klorokwini 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilishaizoea. SP, dawa iliyoifuata, nayo ikachoka, mseto wa dawa mbili kwa pamoja ukaingia 2006. Leo Kagera vimeshapatikana vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa ambayo mseto wenyewe unaitegemea.

Mnaopanga kurudi, ndugu watawaagiza "antibayotiki kali za Ulaya". Msilete hata kidonge. Leteni hela ya kipimo cha kuotesha. Homa ikikushika, dai kwanza kipimo cha malaria, kile cha tone la damu ya kidole. Majibu hayafiki nusu saa. Dukani usipokee bahasha tupu: muuzaji aandike vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi. Akikataa, mrudishie dawa zake, dai hela yako.