Nilivyozitengeneza hedifoni zangu za T50RP, baada ya kuziharibu mara mbili

Kabla sijagusa skrubu hata moja nilikwisha kupewa ushauri wa aina tatu wa kuitengeneza sauti yake mbovu, wote wa bure, na wote ukanigharimu. Wa kwanza aliniambia nizichezeshee hedifoni muziki usiku na mchana kwa saa 200 ili zilainike. Wa pili akasema tatizo ni waya, ninunue wenye madini ya fedha ndani yake. Wa tatu, ambaye ndiye niliyemwamini kwa sababu alizungumza kwa utulivu na alivaa miwani kama mimi, alinieleza kwamba vikombe vya plastiki vina mwangwi na dawa yake ni kuvijaza pamba mpaka vishibe. Ninaandika haya nikiwa nazo masikioni, zikiimba vizuri kuliko nilivyothubutu kutarajia, na hakuna hata mmoja wa hao watatu anayestahili shukrani.

Zenyewe ni Fostex T50RP toleo la tatu, za Kijapani, nilizozinunua zikiwa zimetumika kwa kijana aliyekuwa akifunga studio yake ndogo Sinza, kwa bei ambayo mke wangu anaijua kuwa laki moja na ushee, na huo ushee ndio mrefu. Ni hedifoni za planari. Hedifoni tulizozizoea zina koni ndogo inayosukumwa na koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo katikati yake, sawa na spika ya redio. Za planari hazina koni. Zina kiwambo bapa, chembamba kuliko mfuko wa mkate, kilichochapwa njia za metali juu yake na kuwambwa mbele ya safu za sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika njia hizo, kiwambo chote husukumwa kwa pamoja badala ya kusukumwa katikati tu kingo zikifuata nyuma. Ndiyo maana besi yake, ikiwekwa sawa, hushuka chini sana bila kuvurugika.

Neno lenyewe ni hilo: ikiwekwa sawa. Fostex wamekuwa wakitengeneza hedifoni za namna hii tangu miaka ya 1970, na T50RP imegeuka kuwa darasa la mafundi wa dunia nzima kwa sababu bei yake si ya kutisha, inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na spika iliyomo ni bora kuliko nyumba iliyojengewa. Dan Clark wa Marekani, ambaye leo anauza hedifoni za mamilioni ya shilingi, alianza kwa kuzirekebisha hizi hizi na kuziuza kwa jina la Mad Dog. Niliposoma hilo nikajihesabu na mimi miongoni mwa mafundi, ilhali kazi pekee niliyokuwa nimewahi kuifanya kwa bisibisi ni kufunga plagi ya pasi.

Zilipokuwa hazijaguswa, besi yake ilivimba pale juu juu na kukosa kina, mwimbaji alikuwa kama anaimbia ndani ya ndoo, na kanuni katika taarab ya Unguja, chombo chenye nyuzi zaidi ya 70 ambacho kinapaswa kumwagika kama shanga zilizokatika uzi, kilisikika kama kimoja tu kati ya vitu vingi vinavyogongana. Sehemu ya lawama ilikuwa yangu, kwani nilianza kwa kuzichomeka kwenye simu. Ukinzani wake ni omu 50, na kwa miliwati 1 ya nguvu zinatoa desibeli 92 tu za ukubwa wa sauti. Kila ukitaka desibeli 10 za ziada ni lazima uizidishe nguvu mara 10, kwa hiyo ukifika 112, ambazo mpigo mkali wa ngoma unaweza kuzihitaji kwa nukta moja, unahitaji miliwati 100. Simu inayotoa nusu volti hapo inatoa miliwati 5. Nilipopata amplifaya ndogo ya mezani, nusu ya malalamiko yangu yalikwisha. Na hapo hapo nikamwona amekosea zaidi yule wa waya wa fedha, maana ukinzani wa planari haupandi wala kushuka kufuata masafa, yaani sauti ikiwa nzito au nyembamba, kama unavyofanya ule wa koili, na kwa hiyo waya hauna pa kushika ili ubadilishe ladha ya sauti. Pesa ya waya nilikwisha kuitoa.

Sasa pamba. Mshauri wangu alisema pamba, lakini mimi nikaona niiboreshe hoja yake, nikachukua sufi. Nyumbani kulikuwa na mto wa sufi wa mama mkwe, aliokuja nao kutoka Tanga, uliojaa na kuumuka kama andazi, nikaona konzi mbili haziwezi kuonekana. Nilivua mito ya masikio, nikafungua skrubu nne za kila upande, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenionya: sumaku za planari hazina utani. Bisibisi ilinitoka vidoleni bila mimi kuisukuma, ikaenda kugonga ukingo wa spika, umbali wa kucha moja kutoka kwenye matundu ambayo nyuma yake ndipo kinapokaa kile kiwambo. Ingeingia tunduni, makala haya yangekuwa mafupi. Tangu siku ile kazi yote ya ndani naifanya kwa kijiti cha mshikaki, skrubu naziweka mbali ndani ya kifuniko cha plastiki, na meza naifuta kwanza, kwa sababu chembe ya chuma ikinaswa na sumaku hizo haitoki kwa kupulizwa.

Nikashindilia sufi. Nikafunga, nikavaa, nikaweka wimbo wa dansi ninaoujua mpaka makosa yake. Gitaa la besi lilikuwa limeondoka. Mwimbaji alikuwa amefunikwa shuka, tena amesogezwa upande wa kulia, kwa kuwa kikombe cha kushoto kilishiba zaidi na sauti yake ikafifia. Juu ya yote, kila ngoma ilipopigwa kulikuwa na mchakacho mdogo, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Nilipofungua nikakuta nyuzi za sufi zimepenya pembeni ya ile karatasi nyeupe iliyobandikwa nyuma ya spika, karatasi ambayo mimi, kwa ufundi wangu, nilikuwa nimeanza kuibandua kona moja nikidhani ni ya kuzuia vumbi tu. Karatasi hiyo ina kazi: hewa inapita ndani yake kwa shida kidogo, na shida hiyo ndiyo inayokituliza kiwambo kisiendelee kutikisika noti ikiisha. Nilitumia jioni mbili kuziondoa nyuzi moja moja kwa kibano cha plastiki, kisha kona ile nikaifunika kwa plasta ya karatasi, ile ya kubandikia bandeji, ambayo nayo hupitisha hewa. Imeshika mpaka leo.

Kosa la pili lilianza vizuri. Plastiki nyembamba ya kikombe hutetema pamoja na muziki, na ili kuituliza unatakiwa kuiongezea uzito kwa ndani. Nikanunua plastisini ya kuchezea watoto kwenye duka la daftari, nikaisambaza kwenye kuta za vikombe, gramu 20 hivi kila upande, rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Usiku ule nilisikia tofauti ya kweli: ukungu wa katikati ulipungua, na fidla mbili zilizokuwa zimeshikamana zikaachana. Nilimwamsha mke wangu asikilize. Alisikiliza kwa heshima, akalala tena.

Kesho yake nikaziacha ndani ya gari, Kariakoo, mwezi wa pili, kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri. Niliporudi na kuzivaa, sikio la kushoto lilikuwa kama limeingia maji. Plastisini ilitoa mafuta, ikalegea, ikateleza kutoka ukutani, na donge zima likaenda kulala juu ya mgongo wa spika kama paka juani. Plastisini ni shauri la watu wa nchi za baridi. Kwetu haifai, na anayekuuzia wazo hilo muulize gari lake linaegeshwa wapi. Nilichokiweka badala yake ni utepe wa lami wenye karatasi ya alumini upande mmoja, ule wa kuzibia bati linalovuja, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Umetengenezwa ukae juu ya paa, basi joto la gari ni nini kwake? Kipande cha elfu kumi na kitu kinatosha hedifoni nyingi na paa la banda la kuku juu yake.

Baada ya lami bado kulihitajika pamba, lakini kidogo, ya hospitali, iliyochambuliwa ikawa nyepesi, ya kukaa ndani kabisa ya kikombe bila kuigusa spika. Hapa ndipo nilipoanza kuwa na akili. Kilichoniharibia mara ya kwanza, zaidi ya wingi, ni kwamba pande mbili hazikulingana, na masikio husamehe sauti mbaya upesi kuliko yanavyosamehe mwimbaji aliyesimama kando. Mizani ya jikoni haikuona tofauti yoyote kati ya matonge mawili, kwa kuwa inaanza kuhesabu kwenye gramu 1. Nani ana mizani inayoona zaidi ya hapo? Sonara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Pamba."

Aliitazama mifuko miwili ya nailoni niliyoishika, akanitazama mimi. "Pete iko ndani?"

"Hakuna pete, mzee wangu. Naomba unipimie tu kama uzito uko sawa."

Aliweka la kwanza: 1.42. La pili: 1.18. Nilidhani ataniondoa, lakini namba zile zilimkera kuliko zilivyonikera mimi. Alivuta miwani yake chini, akachukua kibano, akachomoa unyuzi kutoka hapa na kuuweka pale, akapuliza kwa bahati mbaya tukaanza upya, mpaka mizani ikasoma 1.30 na 1.30. Akakataa pesa. "Siku nyingine njoo na mkeo," akasema, "uniletee kazi ya maana."

Ili nisijidanganye, nilipima pia kwa mashine. Fundi mmoja wa Keko alinikatia kipande cha plaiwudi, nikakitoboa tundu, nikakaza maikrofoni ndogo ya bei rahisi iwe sawa na uso wa ubao, nikafunika kwa ngozi laini, nikazilaza hedifoni juu yake na kutumia programu ya bure ya Room EQ Wizard. Ubao si kichwa cha mtu, na mstari unaoupata hauwezi kukwambia ukweli wote kuhusu sauti za juu, lakini kwa kulinganisha kushoto na kulia, au jana na leo, unatosha kabisa. Kwa sufi, pande zangu mbili zilikuwa zimeachana vibaya sana. Kwa pamba ya sonara, zilikaa ndani ya desibeli 1 karibu njia nzima hadi kwenye hezi 5,000.

Vilibaki vijitundu vya hewa vya nyuma ya vikombe. Niliviziba kabisa, besi ikakauka. Nikafungua robo kwa robo, nikipima kila mara, na robo tatu zikiwa zimezibwa besi ikashuka chini bila kuvimba. Kwa kikombe chako huenda ikawa nusu.

Mito ya masikio ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko yote, na ndiyo ambayo hakuna aliyenitajia. Ile ya asili ni myembamba, sikio linagusa plastiki. Binamu yangu alinitafutia Dubai mito ya hedifoni nyingine, Shure SRH840, inayoingia ikivutwa kidogo, na sauti ikafunguka mara moja. Kuwa mwangalifu tu usizibamize kichwani kwa ghafla, kwani hewa inayonaswa inaweza kukikunja kiwambo. Besi ya hedifoni hizi hutegemea mto uzibe vizuri pande zote, na siku nzima nililaumu mito mipya kwa kukosa besi, kumbe ni mikono ya miwani yangu iliyoinyanyua na kuachia upenyo. Nilipovua miwani, gitaa la besi likarudi lenyewe. Nikamkumbuka mshauri wangu wa pamba na miwani yake minene.

Kwa ushindani niliazima kwa rafiki yangu hedifoni za HiFiMan HE400se, planari pia, omu 32 na desibeli 91, lakini za wazi kwa nyuma. Nilisawazisha kwanza kiwango cha sauti kwa ule ubao, kwa kuwa ile inayopiga juu zaidi kwa desibeli moja tu hushinda bila haki. Nakiri kwamba kanuni ilikuwa nzuri zaidi kwake: kila uzi ulikuwa na nafasi yake, na ukumbi ulionekana mpana. Zangu zilikuwa na besi iliyoshika ardhi zaidi, na sauti za waimbaji zilizo karibu. Lakini za wazi zinapitisha pangaboi. Katika chumba changu, mwezi wa pili, uchaguzi ni kusikiliza taarab pamoja na pangaboi au kuloa jasho kimya kimya, na hapo zangu zikashinda kwa pointi za nyumbani.

Rafiki yangu alipozisikia aliomba nizitie za kwake utepe wa lami. Nimekataa, kwa sababu hedifoni ya wazi haina kikombe cha kutulizwa, na ukiiziba nyuma umeua kile ulichokilipia. Sufi iliyobaki nimeirudisha ndani ya mto na kuushona upya kwa mkono. Mama mkwe amekwisha kuuliza mara mbili kwa nini mto wake umepungua.