Nilivyoachana na VPN nikaanza kuvuka mpaka kubeti

Naandika hii kwa sababu juzi nimemkuta mdogo wetu mmoja, hana hata miezi mitatu hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, anapewa ushauri ule ule niliopewa mimi: "Mahakama ya Juu ilisharuhusu kubeti Marekani nzima, weka VPN, ile programu ya kuficha ulipo mtandaoni, kaa kwako, suka mkeka." Imeniuma kweli, maana mimi ushauri huo nusura uniharibie uraia.

Mahakama ile tarehe 14 Mei 2018, kwenye kesi iliyotoka New Jersey, ilifuta sheria ya 1992 iliyokuwa inayazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo. Basi, haikuruhusu chochote, ilisema tu kila jimbo liamue lenyewe. Iowa, jimbo jirani upande wa kusini, wakafungua 2019, Minnesota mpaka naandika hapa mpira haujaruhusiwa kubetiwa, wa simu wala wa dirishani. Na kampuni za kubeti hawaangalii unaishi wapi au leseni yako ya udereva ni ya wapi, wanaangalia wewe mwenyewe umesimama wapi muda ule unabonyeza.

Mimi nilifungua akaunti ya kampuni ya kubeti ya Iowa nikiwa sebuleni kwangu, hiyo ikakubali, nikaweka kama dola mia mbili hivi, nikaona nimemaliza. Kubeti sasa, ikanikatalia, lokesheni. Nikawasha VPN, ikanikatalia. Jamaa akaniambia tatizo ni simu ina GPS, tumia laptopu, nikaazima laptopu ya shemeji, nikaweka VPN ya kulipia, nikazima bluetuthi, nikazima wifi ya nyumbani nikawa navuta intaneti ya simu nyingine, saa sita usiku huo niko jikoni nimezungukwa na machaja. Ikataka nipakue kiprogramu cha kukagua lokesheni, nikapakua, ndio nikawa nimejikamatisha mwenyewe, kile kinaona mpaka wifi za majirani na kinajua kabisa VPN inafanya kazi. Mkeka haukupita hata mmoja. Asubuhi akaunti imefungwa, wanataka kitambulisho na maelezo, hela yangu ilirudi baada ya wiki kadhaa za kuandikiana.

Nilivyotulia nikafungua akaunti kwenye kampuni nyingine na nikaamua kuendesha gari mpaka Iowa. Barabara ya I-35 kusini, ukipita Albert Lea mpaka hauko mbali, kama saa moja na nusu hivi kutoka mjini. Siku ya kwanza nimeingia sheli upande wa Iowa simu bado inaniambia niko Minnesota! Usiegeshe pale pale mpakani jamani, sogea maili kadhaa ndani, toka nje ya gari, fungua ramani kwanza simu ijue ilipo, halafu ndio ufungue apu. Ikakubali pale pale. Nikasuka mkeka wa wikiendi nzima, nikarudi zangu kulala, Jumapili naangalia mechi kwangu bila presha yoyote, na hela ya ushindi nikaitolea nyumbani, kutoa hakuna shida, shida ni kuweka dau. Ukishinda kodi ipo, usijisahau.

Sasa hapo ndio hatari kubwa ikaja. Watu wakajua naenda Iowa, kaka mmoja namheshimu sana akaniomba nichukue mikeka ya kundi letu la WhatsApp, wengine wako Texas, wengine hapa hapa, wananitumia hela, nabeti, nabaki na asilimia kumi. Ilinivutia, mafuta yangekuwa yanajilipa. Bahati nilikuwa na miadi na wakili wa uraia nikamuuliza kama utani, akaweka kalamu chini. Kuna Sheria ya Waya ya 1961, ilipitishwa enzi za Kennedy kuwabana wakusanya dau wa mafia, inamlenga anayefanya biashara ya kubeti kwa kutumia mawasiliano yanayovuka jimbo, mpaka miaka miwili jela. Na ya 1970, mkiwa watano kwenda juu mnaendesha biashara ya kamari iliyo haramu kwenye jimbo, ikazidi siku thelathini au ikaingiza dola 2,000 kwa siku moja, ni mpaka mitano. Mcheza wa kawaida sio anayetafutwa na sheria hizo, ila ukishapokea dau za wenzako kwa malipo wewe tena sio mcheza.

Kwetu wageni kuna zaidi. Mtu ambaye kipato chake kikubwa ni kamari haramu, au aliyehukumiwa makosa mawili ya kamari ndani ya muda wanaouangalia, uhamiaji wanamhesabu hana tabia njema, uraia hapati. Na fomu ya N-400, ya kuombea uraia, inakuuliza mambo ya kamari haramu waziwazi. Wakili akanibana, ule usiku wa VPN kuna dau lilipita? Nikamfungulia barua pepe zote, moja moja, zimekataliwa. Nilishusha pumzi pale ofisini.

Kaka nilimpigia jioni ile nikamwambia siwezi, alinuna, tumeshasalimiana tena. Swali lile nilijaza hapana, na afisa alipoliuliza nilimjibu namtazama usoni.