Jioni ya kitenzi kimoja

Miaka ile baada ya volkano ya 2002, Kiingereza kilikuwa kinatafutwa sana mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Kifaransa kila aliyesoma alikuwa nacho. Anayejua Kiingereza ndiye aliyeitwa kazini na mashirika ya misaada. Basi jioni tulijazana kwenye chumba kimoja karibu na Birere: waendesha pikipiki, wanafunzi wa chuo, na muuzaji mmoja tuliyezoea kumwita Mama Vitenge.

Siku hiyo mwalimu aliandika run ubaoni. "Kukimbia!" tukajibu wote, tukadhani tumemaliza. Kumbe yeye alikuwa hajaanza. Injini ina-run. Mto una-run, bomba la maji pia, na pua yenye mafua. Mwenye kusimamia duka ana-run duka. Sukari ikimwishia, ame-run out. Marekani mgombea wa kiti ana-run, lakini Uingereza husemwa anasimama, stand.

"Wa kwetu wanakimbia wakishachaguliwa," sauti ikatoka nyuma.

Kijana wa pikipiki akainua mkono: "Mwalimu, hawa watu wanakimbizwa na nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu kazi inatembea, saa inatembea, biashara inatembea, hata gari lililo mbioni linatembea. Baadaye sana nilisoma kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamekihesabia kitenzi hicho maana 645, kikaipita set, iliyokuwa mbele kwa maana 430 katika toleo la 1989. Afadhali hatukuambiwa jioni ile. Nusu ya darasa isingerudi kesho yake.

Tukaingia kwenye visawe. Jog, mbio za kunyoosha viungo. Sprint, mbio fupi za kutoa roho. Bolt, kuchomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Flee, kukimbia hatari. Mama Vitenge akasoma sentensi yake: mwaka 2002 ali-run mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda. Mwalimu akamsahihisha: fled.

"Hapana, mwalimu. Mimi sikukimbia. Mtoto mgongoni, mwingine mkononi, godoro kichwani. Nilitembea."

"Ni fled hivyo hivyo, mama. Neno hili haliulizi mwendo. Linauliza ulikuwa unaacha nini nyuma. Hata anayechechemea ana-flee."

Karibu sote tuliokuwa mle tulivuka mpaka ule wa Rwanda, lava ikipasua katikati ya mji kuelekea ziwani. Na sote husema tulikimbia. Sijasikia mtu akiulizwa miguu yake ilikwenda kasi gani.

Mama Vitenge aliandika fled, akapigia mstari. Kisha akauliza: "Na kurudi? Tulirudi mawe yangali yanachoma. Hiyo nayo wanaiitaje?"

Mwalimu akaandika return.

"Aa, mwalimu! Hiyo si ya bileti ya ndege?"