Nyumba ya kuuza: shughulikia maji kwanza, rangi baadaye

Mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam mara nyingi haji peke yake. Anakuja na fundi, na fundi huyo kabla hajaangalia marumaru za sebuleni atainua macho darini, kisha atagonga ukuta karibu na sakafu. Anatafuta maji. Kwa hiyo pesa ya matengenezo ianzie hapo. Makabati mapya ya jikoni na geti la kifahari achana navyo; mnunuzi ana anavyovipenda yeye, na gharama hiyo hairudi.

Doa la darini si lazima liwe chini ya tundu. Maji yakiingia hufuata papi au kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, na kudondokea mbali. Mtu mmoja apande darini na tochi, mwingine amwagie bati maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda juu, dakika kumi kila sehemu. Akianzia juu, paa lote linalowa na tundu halijulikani. Mara nyingi tatizo ni misumari: mpira wake umekauka kwa jua na bati limepanua tundu kwa kutanuka na kusinyaa. Kuugongelea tena uleule ni kazi bure, mbao imeshalegea. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene na ndefu kuliko msumari uliotoka. Bati jipya linunuliwe pale tu kutu imetoboa.

Ukuta unaotoa chumvi ndio unaoharibu mauzo mengi, na ndio unaofichwa vibaya kuliko vyote. Watu hupaka puti na rangi ya mafuta juu yake. Unyevu ukikosa pa kutokea huisukuma rangi, ikavimba na kubanduka, pengine wiki ileile wateja wanapoanza kuja. Anza nje. Udongo uliojazana ukutani uuchimbe ubaki angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na uutengenezee mteremko wa kuondoa maji. Ndani, bandua plasta hadi futi moja juu ya mwisho wa unyevu, kwangua chumvi kwa brashi kavu (ukiiosha inarudi ndani), acha ukuta ukauke. Piga plasta mpya, sementi moja kwa mchanga nne, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mchanga uwe wa mto, safi; wa ufukweni una chumvi yake. Subiri wiki nne ndipo upake rangi. Kazi hii haifai wakati wa masika, kwa hiyo anayetaka kuuza Machi aianze mapema Januari.

Rangi yenyewe ni hesabu tu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.8, ukitoa mlango na madirisha, kina kama mita za mraba 38. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10, hivyo mikono miwili (kupaka mara mbili) inakula karibu lita 8. Chagua nyeupe au krimu.

Chooni, tia rangi ya chakula kwenye tangi na usivute kwa nusu saa. Ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira wa ndani. Ni kifaa cha bei ndogo. Soketi zinazocheza na swichi zilizoungua zibadilishwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Nyufa nyembamba kama unywele zizibe. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, wenye upana wa milimita 5 au zaidi, usiuzibe kabla mhandisi hajauona. Huenda msingi unazama, na plasta mpya juu yake itapasuka palepale. Kama huna uwezo wa kuurekebisha, mwonyeshe mnunuzi ufa huo pamoja na makadirio ya gharama kwa maandishi, umpunguzie bei kwa kiasi hicho. Asipoonyeshwa, fundi wake atauona mwenyewe na kukisia gharama kubwa kuliko hiyo.